Udongo Uliovuka Mtaro

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2081. Ukungu mzito hadi saa mbili asubuhi, kisha manyunyu yasiyotosha kulowesha kitenge. Baridi. Kipimo cha mvua kilisoma milimita mbili, na kwa Kighonda ya siku hizi milimita mbili ni jambo la kushukuru.

Nilishukuru. Nilisimama katikati ya shamba, viatu vimezama kwenye udongo mweusi, kabichi zimenizunguka kila moja kubwa kuliko kichwa cha mtu mzima, nikasema asante Bwana kwa sauti. Halafu nikafanya lile nililolizoea kwa miaka mitatu. Niligeuka ili nisitazame upande wa kusini, kwa jirani.

Shamba letu ni ekari tatu tu, matuta juu ya matuta kwenye ubavu wa mlima. Tangu barabara ya kutoka tambarare ilipomezwa na maporomoko, kinacholiwa Kighonda ni kile kinachoota Kighonda, na sehemu kubwa huota kwetu. Kila Ijumaa kaya sitini na moja huja langoni, kila moja na kikapu chake, nasi tunajaza kwa kuhesabu midomo ya nyumba. Magimbi, maharage, ndizi, mnavu, mayai kwa wenye wagonjwa. Watu hawalipi chochote isipokuwa siku yao ya msaragambo, ambapo wote hushuka shambani kwa pamoja kukarabati matuta. Uji wa watoto sabini na wanne wa shule unatoka humu pia.

Nilisikia hatua kwenye ukungu. Alikuwa Mzee Elihuruma, jirani yetu wa kusini, amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alishika jembe, na jembe lenyewe lilikuwa limeoshwa likang'aa. Hakuna mkulima anayeosha jembe vile mwezi wa tatu, mvua ikiwa mlangoni. 

Tulisalimiana kama kawaida yetu, shemeji kwa shemeji, kwa kuwa yeye na marehemu mume wangu Kiondo waliitana ndugu. Kisha akanieleza, bila haraka, kwamba mwanawe aliyeko tambarare amemwita mara tatu na safari hii amekubali. Jumapili baada ya ibada kuna watu wanashuka na punda, naye atashuka nao. Nikamuuliza, na shamba?

"Nimelima hapa miaka arobaini na mmoja, shemeji. Miaka thelathini na minane shamba lilinijua. Hii mitatu limenikataa. Nimefunga, nimeomba, nimetubu hata dhambi nisizozikumbuka. Sasa nimekubali. Mkono wangu umekufa."

Akanipa lile jembe kupitia juu ya uzio. Alisema shamba lake niliunganishe na langu ili liwalishe watu, na kwamba jioni atatamka hivyo langoni mbele ya vikapu vyote, asije mtu baadaye akanisumbua. Kisha akanyoosha kidole nyuma yake, na safari hii ilinibidi kutazama.

Shamba la Mzee Elihuruma, ekari moja na nusu, lilikuwa na rangi ya jivu. Mahindi ya kiangazi hayakuwa yamefika magotini, majani yake ya manjano yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Katikati ya unyonge huo ulisimama mgomba mmoja, mnene, wa kijani kibichi, na mkungu umening'inia.

"Ule ulionipa siku ya msiba wa Namvumo wangu," alisema. "Ndio kitu pekee kilichokubali kuishi kwangu. Kila asubuhi nikiuona nasema, mkono wa shemeji una baraka."

Nilimjibu kwamba Mungu atajalia. Hilo ndilo lililonitoka mdomoni. Nililitumia jina lake kama tambara la kuzibia shimo.

*

Lazima nieleze utando, maana bila huo hakuna kosa.

Chini ya shamba letu kuna nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, zilizokuzwa na kituo kimoja cha utafiti. Kiondo alizileta miaka kumi na mmoja iliyopita ndani ya mtungi. Nyuzi hizo hujishika kwenye mizizi ya kila mmea na kuunganisha shamba zima kuwa kitu kimoja. Katikati ya tuta la nne tumezika kisanduku kama debe, tunachokiita moyo. Kinakula jua kupitia bamba la juu ya paa, na kila sekunde kumi na tano kinapiga udongo kwa umeme hafifu sana ambao hata ukiweka shavu chini huusikii. Nyuzi zinausikia. Zinapousikia huelekea ulikotoka, na zinapoelekea hubeba maji na chakula cha mimea kutoka palipo na ziada. Ndiyo maana tuta letu la juu kabisa, lililokuwa mawe matupu nilipoolewa, leo linatoa viazi.

Lakini nyuzi hazijui shamba ni la nani. Kwa hiyo kuzunguka ekari zetu tatu tulichimba mtaro na kuujaza chokaa, na afisa wa kile kituo aliyempa Kiondo mtungi alitufundisha sheria moja, akatukaririsha kama watoto wa kipaimara: udongo usivuke mtaro. Usivuke kwenye jembe, usivuke kwenye kiatu, usivuke kwenye mzizi. Utando wa upande mmoja, alisema, ukikuta chokaa hurudi. Lakini ukipanda mwingine ng'ambo, nyuzi zitasikiana, zitachimba chini kupita chokaa mpaka zikutane, na baada ya hapo mashamba mawili yatakuwa na moyo mmoja, na lile lisilo na moyo litanyonywa. Ndiyo maana watu hupokea vikapu langoni. Ndiyo maana siku ya msaragambo tunatumia majembe ya hapa hapa na kuosha miguu tukitoka.

Sheria niliijua. Sitaki mtu aseme sikuijua.

Namvumo, mke wa Mzee Elihuruma, alifariki mwezi wa pili miaka mitatu iliyopita. Mama mkwe wangu alinifundisha, mwaka ule nilioolewa, kwamba nyumba yenye msiba hupelekewa chipukizi la mgomba likapandwe nyuma ya nyumba, na lazima liende na bonge la udongo wake, limefungwa kwa majani makavu. Kumpelekea mfiwa mgomba ulioshwa mizizi ni kumwambia kilio ni chako peke yako. Alisema aliwahi kuona ukoo mmoja ukikatana salamu miaka mingi kwa mgomba wa namna hiyo.

Nilikata chipukizi. Nililipeleka bombani nikaliosha, kama sheria inavyotaka, mpaka mizizi ikabaki mieupe. Nikaitazama ile mizizi. Nikamfikiria Namvumo, ambaye alinishika mgongo siku namzaa Nietiwe. Nikaliacha pale bombani, nikarudi shambani nikakata lingine, nikalifunga na bonge lake la udongo kwa majani makavu, nikalitia kikapuni na kuvuka nalo mtaro. Nilijiambia ni udongo wa kujaza viganja viwili tu.

Baada ya masika, maharage ya Mzee Elihuruma yakaanza kugeuka rangi. Nilijiambia ni ugonjwa. Vuli ilipofika, siku moja hayupo, nilikwenda kwenye ule mgomba nikafukua kwa vidole. Utando ulikuwepo. Uzi mweupe ulijizungusha kwenye kidole changu kana kwamba unanifahamu. Nikafukia. Nikaupigapiga udongo taratibu kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale, nikarudi nyumbani kupika.

Misimu sita imepita. Misimu yote sita nimekuwa nikimjazia Mzee Elihuruma kikapu kila Ijumaa kwa chakula kilichotoka katika udongo wake, naye akinishukuru.

*

Nietiwe, binti yangu, alikuwa jikoni na kioo mapajani. Kioo ni kile kibao kinachoonyesha ramani ya utando, mistari ya buluu mahali maji yanapopita. Yeye ndiye anayekisoma kila siku. Ramani yake siku zote huishia kwenye mtaro, kwa sababu ndivyo nilivyomwekea mimi mwenyewe wakati ule, kabla hajarudi kutoka kwa mumewe, na nilijua kwamba ukiivuta kwa kidole upande wa kusini itaendelea. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua.

Nilimwambia habari ya jembe. Akaweka kidole kwenye kioo, akaivuta ramani, na mbele ya macho yangu ikatokea mistari ya buluu, minene kama mishipa ya mkono wa mzee, ikitoka shamba la kusini na kupita chini ya chokaa hadi kwetu.

"Niliona mwaka juzi, mama. Nilidhani hujui. Sikutaka ujue."

Tulitazamana. Miaka miwili tumekula meza moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Nietiwe si mtu mbaya. Alikuwa ameshapanga. Alisema tulipokee shamba, kwa kuwa mwenyewe ameamua kutoa. Likishakuwa letu hatutahitaji kulinyonya tena. Tutausogeza moyo kidogo kidogo kuelekea kusini, na baada ya miaka miwili au mitatu ekari zote nne na nusu zitakuwa nyeusi. Watu watakula zaidi ya wanavyokula leo. Mzee atakuwa kwa mwanawe, amepumzika. Hakuna atakayeumia.

"Atakufa akiamini mkono wake ulikufa," nilisema.

"Na ukisema leo, mama, mwezi wa sita watoto watakunywa uji wa nani?"

Niliingia ghalani nikapiga magoti kati ya magunia ya magimbi, mahali ninaposalia siku zote kwa kuwa hapapiti mtu. Kila usiku kwa misimu sita nimeomba msamaha humo ndani. Nimelia humo. Nimefunga Jumatano na Ijumaa. Nikafungua kinywa ili nianze tena, na badala ya maneno yangu nikasikia ya Mzee Elihuruma, kwamba ametubu hata dhambi asizozikumbuka. Tulikuwa tukiomba usiku ule ule, nyumba mbili jirani, mmoja akitubia kosa la mwenzake.

Hapo nikaona nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nabisha hodi kwa Mungu na shauri lililopaswa kupelekwa kwa Elihuruma, kwa sababu Mungu hatatoka nje akawaambia majirani. Niliinuka bila kusema amina.

*

Saa kumi watu walikuwa wamejaa langoni. Mvua ilikuwa imekata kabisa. Vikapu vilipangwa mstari kwenye nyasi, na wenyewe wamekaa kando wakipiga soga, maana Ijumaa ndiyo siku ya habari zote.

Mzee Elihuruma alipofika na koti lake la kanisani, Mama Sifaeli akamdaka. Huyu ni mwanamke mcheshi, mwenye ulimi usiopumzika, na kwa miaka mitatu mzee amekuwa mada yake.

"Baba, leo unaoa nini? Mwonye bibi harusi asikupe maua uyashike. Yatanyauka kabla hamjafika madhabahuni."

Watu wakacheka. Naye alicheka, kama anavyocheka siku zote, akiwa ameficha mikono mifukoni. Mara ngapi nami nimecheka pale, nikipima maharage? Wakati mwingine nilicheka kwa sauti kuliko wote, ili nisionekane niko kimya.

Mwinjilisti Kajiru akavua kofia na kuomba. Alimshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yetu, kama afanyavyo kila wiki. Alipomaliza, Mzee Elihuruma akasogea mbele, akasafisha koo. Alisema ana neno fupi kuhusu shamba lake. Nikaweka chini pishi niliyokuwa nimeishika.

Nilimwambia, shemeji, tafadhali, nitangulie mimi.

Nilieleza yote. Sikueleza vizuri; nilianza na mgomba, nikarudi kwenye mtaro, nikataja bomba na mizizi iliyooshwa, na kuna waliokuwa hawaelewi mpaka niliposema waziwazi kwamba shamba la Elihuruma halikuwa na ugonjwa wala laana. Nililinyonya mimi. Nilijua tangu vuli ya kwanza. Chakula kilichokuwa kwenye vikapu vyao, sehemu yake ilitoka kwenye udongo wa mzee, na wao walikuwa wakimcheka huku wakikibeba.

Mama Sifaeli aliangalia chini, akaanza kunyoosha kamba ya kikapu chake ambayo haikuwa imejikunja.

Mzee Elihuruma hakusogea. Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Akatoa mikono mifukoni, akaitazama upande huu na upande huu.

"Kwa hiyo mkono wangu ni mzima?"

"Ni mzima, shemeji. Haukuwahi kufa."

Alitikisa kichwa taratibu, akiendelea kuitazama. Miaka mitatu mtu hajatazama mikono yake bila aibu. Sikujua nifiche wapi macho yangu, kwa hiyo sikuyaficha.

Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza, bila ukali, sasa sisi tutakula nini. Ndilo swali la Nietiwe, na lilistahili kuulizwa. Kabla sijajibu, Nietiwe mwenyewe akatoka ndani ya lango na kioo mkononi. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Hakunitazama. Alikiinua kioo ili wote waione ile mistari ya buluu, akasema na yeye alikuwa anajua, akaanza kueleza kwa sauti ya mwalimu.

Alisema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuzima moyo. Nyuzi zitakufa pande zote mbili, na mashamba yote mawili yatakuwa magumu kwa miaka, maana mimea imeshazoea kulishwa. Ya pili ni kuufukua moyo leo na kuuzika katika shamba la Mzee Elihuruma. Nyuzi zitageuka. Ekari zetu tatu zitaanza kumrudishia kilichochukuliwa, na kwa hesabu yake zitahitaji misimu sita, ile ile sita. Shamba letu litakuwa na rangi ya jivu. Masika haya vikapu vitakuwa robo. Kuanzia vuli shamba la mzee linaweza kujaza nusu kikapu kwa kila kaya, likipata mikono. Lakini hapo, alisema, kuna jambo moja. Shamba ni lake. Akitaka kuwalisha watu atawalisha, na akitaka kulima chakula chake tu, au akitaka kushuka tambarare Jumapili, hakuna hapa mwenye haki ya kumwuliza.

Vichwa sitini vikageuka kwa Mzee Elihuruma. Watu wale wale waliocheka.

Mwinjilisti Kajiru alianza kusema kitu kuhusu kusameheana. Mzee akainua kiganja kumnyamazisha.

"Usiniombe msamaha leo, shemeji," alisema. "Leo sina. Nimetafuta ndani yangu mpaka nikachoka, sijui Mungu ameuweka wapi. Kuhusu Jumapili, asubuhi nilijua. Sasa hivi sijui. Kwanza nataka kusikia utafanya nini. Useme kwa sauti, na hawa wasikie, maana ule udongo ulipouvusha hukumwambia mtu."

Kisha akaenda pale langoni, nilipokuwa nimeliegemeza jembe lake tangu asubuhi kwa kukosa pa kuliweka. Akalichukua. Akasimama nalo, mikono yote miwili kwenye mpini, akingoja.

Nilivua viatu. Vilikuwa na udongo wa shamba letu, na nilitaka kusimama upande wake wa mtaro bila kubeba kitu. Nikavuka chokaa ya kusini, hatua chache kutoka langoni, nikiwa peku, nikawageukia watu, nikatafuta sauti yangu.

"Mimi Nakiete, mjane wa Kiondo, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu nyote. Jua halitazama leo kabla sijaufukua moyo kwa mikono yangu na kuuzika pale kwenye mgomba nilioleta. Kwa misimu sita sitausogeza, hata shamba langu likauke lote, hata nyumba yangu ikose. Nikizeeka kabla, Nietiwe asimame mahali pangu, na amesikia. Kila siku ya msaragambo nitalima kwa Elihuruma, akiwepo au asiwepo, na atakachovuna ni chake, cha kugawa au kutogawa. Na kila Ijumaa vikapu vikipangwa, changu kitakuwa cha mwisho kwenye mstari. Mgeni akiuliza kwa nini, nitamjibu mwenyewe."